Ng'ombe Mwekundu wa Mokhles

Benchi la Torab lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia ukiwajumlisha wote hawafikishi kazi moja ya maana. Liko sokoni Dhankura, nje kidogo ya Bogura, chini ya bati linalovuja, mbele ya birika ambalo Torab hajalisugua tangu aoe. Kuna Redio, zamani utingo wa lori, ambaye siku hizi hutangaza habari ambazo hazijatokea. Kuna Wakili, ambaye hakusomea sheria yoyote. Ameitwa hivyo kwa sababu ana kesi mahakamani mwaka wa kumi na tisa huu, yeye na jirani yake, wakigombea kichaka cha mianzi. Kuna Daktari, aliyewahi kufagia duka la dawa. Na tangu Idi ipite kulikuwa na Mokhles, mguu wa kulia umefungwa plasta ngumu hadi gotini, gongo la kutembelea kando yake, akinywa chai ya tangawizi na kuwasikiliza hao watatu wakimweleza kwa nini alianguka na pikipiki. Mwenyewe alijua fika kwa nini alianguka. Ndiyo maana alipenda kuwasikiliza.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa inanyesha. Mwanamke mmoja wa buibui na nikabu, mwavuli mkononi, alikuwa amejibanza pembeni ya kibanda. Hakuna aliyemkaribisha.

— Hebu turudie, alisema Redio. Huyo ng'ombe uliyemkwepa alikuwa wa rangi gani?

— Mwekundu, alijibu Mokhles.

— Juzi alikuwa na mabaka.

— Mwekundu mwenye mabaka, basi.

Redio akapiga paja.

— Mnaona? Ng'ombe anayebadilika rangi si ng'ombe huyo! Barabara kuu ile nimeipita miaka kumi na mmoja. Ukishavuka daraja la Jamuna, mbele kidogo, pana jini.

— Jini wa saa tatu asubuhi? alidakia Wakili. Tena Ramadhani? Mwezi ule wote wamefungwa minyororo, hata mtoto wa chuoni anajua.

— Wanaofungwa ni mashetani, siyo majini. Kasome kwanza.

— Nikasome mimi? Mimi nimesomewa hukumu mara nne!

— Na zote umeshindwa.

Torab aliinua birika, akamtazama Mokhles bila huruma.

— Mimi nataka kujua kitu kimoja. Aliyegonga viazi ni jini au ni huyu?

Wakacheka wote. Hilo lilimuuma Mokhles kuliko mguu. Pikipiki yake ilikuwa imeacha lami na kwenda kujibamiza kwenye magunia ya viazi yaliyosubiri lori kando ya barabara. Magunia yale ndiyo yaliyowaokoa, yeye na mkewe, lakini tangu hapo soko zima lilimwita Bwana Viazi.

— Cheka tu, alisema Wakili. Mimi naenda na ushahidi. Bwana Viazi, nyuma ya pikipiki ulifunga kiatu kibovu cha kuzuia kijicho?

— Nilifunga. Ndala ya mtoto wa dada yangu.

— Ya mguu gani?

— Wa kushoto, nadhani.

— Ndiyo hiyo! Inatakiwa ya kulia. Mtu ameibadilisha. Na mimi namjua.

— Usituambie ni jirani yako, alisema Torab.

— Ni nani mwingine?

— Jirani yako alifunga safari hadi Gazipur, anakofanya kazi huyu, siku mbili kabla ya Idi, kwenda kubadilisha ndala?

— Mtu aliyenihamishia mianzi kumi na miwili kwa usiku mmoja ashindwe na ndala?

Mokhles alicheka, chai ikampalia. Watu wenye akili wangemuuliza mambo mengine. Hawa walimpa jini, wakampa ndala, na yeye akapumzika. Tatizo lilikuwa Natore, kwa wakwe zake. Moyna, mkewe, alivunjika mfupa wa bega, na kaka zake walimtoa hospitali moja kwa moja wakampeleka kwa mama yao. Mokhles alimtumia salamu: ni ng'ombe, mke wangu, we unajua. Moyna hakujibu. Siku ya tisa hii alikuwa hapokei simu, na sanduku lake la nguo lilikuwa bado chumbani, kwa mama yake Mokhles. Kila asubuhi Mokhles alilitazama kabla hajatazama kitu kingine.

— Nyie mnahangaika na pikipiki, alisema Daktari, mimi nahangaika na mgonjwa. Plasta hii inaunyima mguu pumzi. Tuikate leo, tumfunge vijiti vya mianzi na ute wa yai.

— Mianzi ya nani? aliuliza Wakili.

— Nyamaza wewe! Na mbavu zipakwe mafuta ya haradali. Hebu nione.

Kabla Mokhles hajasema kitu, Daktari alikwisha kulipandisha shati lake. Kisha akainama karibu.

— Hizi ni nini?

Ubavuni, upande wa kushoto, palikuwa na vialama vyeusi vilivyopinda, vingine bado vina magamba. Redio alisukuma watu ili avione.

— Kucha! Nimewaambia nini? Kucha za jini! Moja, mbili, tatu... saba! Alimdandia kwa nyuma akamkamata hapa!

— Kweli kabisa, alisema Daktari. Binadamu hana nguvu hizo.

Hata Wakili alimsahau jirani yake kwa muda.

— Sema mwenyewe, Mokhles. Ulihisi kitu nyuma yako?

Mokhles alilishusha shati. Alikuwa amehisi. Tangu walipopita mji wa Tangail alikuwa akihisi. "Nikinyamaza, nifinye," ndivyo alivyomwambia Moyna walipoondoka, naye alimfinya kila kope zake zilipozidi uzito, kwa vidole vilivyozoea kushona kola za mashati mia kwa siku. Mokhles alilitazama lile benchi la wapumbavu, akaona hakuna mahali pazuri zaidi pa kujificha.

— Labda alikuwa jini, alisema.

Basi hivyo ndivyo vidole vya mke wa mtu vilivyogeuzwa makucha, na mume ameketi hapo na kikombe chake mkononi.

— Samahani, alisema yule mwanamke pembeni. Kabla ya kupanda hiyo pikipiki, alilala lini?

Redio alimgeukia kwa dharau.

— Mama, hapa tunaongea mambo mazito.

— Nimeyasikia. Alilala lini?

Redio alimtazama Wakili. Wakili alimtazama Daktari. Daktari aliitazama plasta. Siku kumi na tatu walikuwa wameijadili ajali hiyo hadi wakamaliza rangi zote za ng'ombe, na hilo hakuna aliyewahi kuliuliza.

Mokhles alikwisha kuitambua sauti. Alilitafuta gongo, likaanguka, akasimama kwa mguu mmoja huku ameshika nguzo ya kibanda.

— Asalaam aleikum, mama.

— Waaleikum salaam, Mokhles.

Siku zote mama mkwe alimwita "baba". Leo jina.

— Nimekuuliza.

— Sikulala tangu Jumatatu asubuhi, mama. Tuliondoka alfajiri ya Jumatano, baada ya daku. Kiwandani tulikesha siku mbili kufidia likizo ya Idi.

— Na ng'ombe?

— Hakukuwa na ng'ombe. Nilisinzia.

Redio alivuta pumzi kama aliyefiwa. Mokhles aliona aibu, aliona aibu kweli, lakini alipata nafuu pia. Alikuwa amesema. Alisimama pale kwa mguu mmoja akingoja aitwe baba.

— Vizuri, alisema mama mkwe. Na Moyna, yeye alilala lini?

Moyna alikesha sakafu ileile ya kiwanda, mashine ya tatu kutoka ya Mokhles. Waliporudi chumbani, yeye Mokhles alikaa na simu yake. Moyna alipika daku, akafunga mizigo, akaosha vyombo. Kisha akapanda nyuma na kuanza kufinya. Walipovuka Jamuna vidole vilitulia, na Mokhles alifurahi. Alidhani ameacha kumfinya kwa kuwa yeye anaendesha vizuri.

— Sijui, mama, alisema. Sikumuuliza.

— Hata kuinua mkono hawezi. Nywele namsuka mimi. Alinituma niulize hayo mawili tu. Akasema ukishindwa hata moja, nirudi na sanduku.

— Mama, nitakuja mwenyewe. Nitamwambia...

— Njoo. Kwa basi.

Akafungua mwavuli, akashika njia ya nyumbani kwa mama yake Mokhles, ambako bajaji ya betri aliyoikodi ilikuwa imekwisha kusimama mlangoni.

Torab alimimina chai, yakatoka matone mawili na majani. Redio ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

— Lakini kucha zile...

— Za Moyna, alisema Mokhles.

— Zote saba?

— Zote. Ya nane hakuifikia. Alikuwa amelala.

Aliliokota gongo, akalibana kwapani. Mvua ilikuwa haijakatika.

— Basi la Natore linaondoka saa ngapi?

Wale watatu, waliojua kila jini wa barabara kuu na mahali anapokaa, walitazamana. Hakuna aliyejua.