Fundi Usikate na Kikohozi cha Dakika ya Tatu

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Usikate, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Mkunga alisimulia kwamba mtoto hakulia mara moja. Alitulia kwanza kama anayesikiliza chumba kilivyo, ndipo akalia kwa kiasi kinachokitosha. Mama yake alikuwa mshonaji. Kabla hajajua kusoma, marehemu aliweza kutambua kwa mlio wa cherehani kama siku hiyo mama anaombeka au haombeki, na ndugu zake hawakuomba kitu bila kumtuma kwanza akasikilize mlangoni.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964. Alipofika darasa la sita, mwalimu wa kwaya alimwambia, "Wewe fungua mdomo tu, sauti waachie wenzako." Akaomba akakae mlangoni. Huko aligundua kwamba kwaya, pamoja na milio ya madawati na mafua ya mstari wa mbele, ilikuwa tamu kuliko ikisikilizwa kutoka ndani yake. Mwalimu hakujua kwamba amempa mtu kazi ya maisha. Kuanzia 1976 hadi 1978 alisomea umeme na redio katika chuo cha ufundi, akafaulu kila somo isipokuwa uchoraji.

Tarehe 2 Januari 1979 aliajiriwa kuwa fundi mitambo katika studio ya kurekodi muziki, chumba kilicho juu ya duka la rangi, na hakutoka humo kwa miaka thelathini na minane. Kompyuta zilipokuja, kusafisha sauti kukawa ndio ustaarabu. Wahariri wakafuta mlio wa kiti, wakafuta mlio wa midomo, mwishowe wakafuta na pumzi. Mwaka 2009 akaja mwimbaji wa nyimbo za mapenzi za polepole, yule tunayemwita Mnong'onezi, mwenye sauti ya kumwimbia mtu mmoja hata ukumbi ukijaa pomoni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa imesafishwa mahali pengine mpaka ikang'aa. Alikuwa amempelekea mama yake, naye akaisikiliza hadi mwisho na kuuliza, "Nzuri, mwanangu. Ila humu ulikuwa hupumui?"

Marehemu alimsimamisha katikati ya wapiga vyombo wanne, chumba kimoja, maikrofoni mbili, wimbo mzima kwa mkupuo mmoja. Mlangoni akabandika karatasi: USIKATE. Kiti cha mpiga kinanda kililia, kikaachwa kilie. Mnong'onezi alivuta pumzi kabla ya kila mstari, kama mtu anayetafuta namna ya kusema jambo zito, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Nyimbo zilipotoka, mama mmoja alipiga simu studioni kulalamika kwamba wimbo wa kwanza ukianza tu inambidi avae vizuri, kwa maana ni kama kuna mgeni wa kiume sebuleni. Marehemu alilihesabu lalamiko hilo kuwa tuzo yake. Nyingine hakupewa.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na muuguzi aliyewahi kumpima kifua. "Vuta pumzi," muuguzi alimwambia siku ya kipimo hicho. "Toa." Marehemu akajibu, "Samahani dada, hebu rudia, sikuipata vizuri." Dada akarudia mara nne kabla hajashtuka kwamba mgonjwa huyu ni mzima kama kigongo. Walijaliwa mabinti wawili na mwana mmoja.

Mkewe huyo ndiye aliyeyatambua maradhi kabla ya daktari. Siku moja ya Novemba 2022 alilaza sikio mgongoni mwa mumewe.

"Mama watoto, unasikia nini?"

"Nasikia kesho asubuhi unavaa viatu tunakwenda hospitali."

Yalikuwa ya mapafu.

Tarehe 3 Februari 2024 Mnong'onezi aliomba arekodiwe wimbo mmoja zaidi na fundi wake. Marehemu alibebwa ngazini, akaketishwa kando ya ukuta. Dakika ya tatu, mwimbaji alipotua kati ya mistari miwili, marehemu akakohoa. Wanamuziki hawakusimama. Wimbo ulipokwisha akasema, "Hapo mkate."

Watu wakatazamana. "Fundi," akasema Mnong'onezi, "neno hilo umejifunza wapi?"

"Msinitanie. Wimbo wa mapenzi si wodi."

Hakuwa na nguvu za kurudia, akamwapisha mkewe kwamba wimbo hautatoka na kikohozi ndani yake. Nyumba ikagawanyika. Binti mkubwa alisema neno la mgonjwa ni neno. Mwana akauliza, "Na ile karatasi ya mlangoni aliiandika nani?" Mama yao, aliyebaki kati ya kiapo cha mume na maisha yote ya mume huyohuyo, hakubishana. Aliagiza wimbo ukatwe kama alivyotaka mwenyewe, na tarehe 30 Machi akamvisha spika za masikioni.

Dakika ya tatu marehemu aliinua kidole.

"Kuna mtu katoka chumbani hapa. Nani?"

"Wewe," akasema mkewe.

Marehemu akazivua spika. "Na mlango haukulia hata kidogo," akasema. "Basi nirudisheni."

Alifariki nyumbani tarehe 17 Aprili 2024, saa nne asubuhi, dirisha likiwa wazi, mkewe amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada mmoja, Mnong'onezi, na kiti ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukitia mafuta.

Wimbo huo mtausikia sasa hivi, ukiwa mzima. Atakayebanwa na kikohozi asijizuie, marehemu angekiacha.

Apumzike kwa amani. Na kwa kuwa kupumzika nako kumetoka kwenye pumzi, hatuna shaka kazi hiyo ataiweza.