Kidole cha Joviale

Katika taksibisi ya kwenda Lac Vert, nilikuwa nimempakata mwanangu nyuma ya mama mmoja mzee wa Butembo, aliyekuwa akimweleza papa mmoja, mwanamume aliyeketi kando yake, habari za mjukuu wake, Joviale.

"Jana nilimuanzishia hadisi ya sungura. Akanigusa na kidole hapa kwenye paji, akasema: *suivant*, ni kusema ingine."

Papa alicheka. "Amezoea telefone, mama. Kitu kikimuchosha anakisukuma na kidole, kinakuja kingine. Hadisi zako, umuwekee mule ndani."

"Hapo atanisukuma mbio zaidi. Tena telefone haingojee mutoto aitike. Kwetu nikisema 'muko?', watoto wanajibu 'tuko'. Wakinyamaza, hadisi inalala."

"Watoto wa leo hawaitike."

"Muko?" akasema bibi, bila kumwangalia.

"Tuko," nikajibu mimi, na wengine wa nyuma. Mwanangu mapajani aligeuka kutazama. Bibi akaanza hadisi ya sungura.

Tulipofika Lac Vert, sungura alikuwa amejificha ndani ya ngoma, na chui ameshika fimbo za kuipiga. Mimi nilikuwa nimeshapita kituo changu. Bibi akashuka na kikapu chake.

Papa alichungulia dirishani. "Mama, na sungura?"

"Hadisi inayobaki namubebea Joviale."