Chungwa la Jumatatu

Benchi letu zamani lilikuwa mlango. Tundu la ufunguo bado lipo, na anayechelewa ndiye hukalia tundu. Liko barazani kwa fundi cherehani tunayemwita Waziri, maana hakuna jambo chini ya jua asilokuwa na sera nalo, ilhali suruali za watu zinaning'inia ndani zikingoja pindo. Kushoto kwake hukaa Dalali, mpangishaji wa nyumba za watu, ambaye hata pole za msibani huzitoa kwa sauti ya kunadi. Kulia hukaa mzee mshona viatu, jina lake la kijiweni Wahenga. Methali zote anazo, ila ni kama mtu mwenye shada la funguo na hana hata mlango mmoja. Kahawa humimina Bi Birika, mwenye maneno machache na macho mengi. Ijumaa ile alasiri, aliyekalia tundu alikuwa Ticha, mpwa wa Waziri, aliyetoka chuo cha ualimu na cheti safi na shati safi. Shule tatu za binafsi zilikuwa zimekwisha kumpa wiki ya majaribio: unafundisha bure Jumatatu hadi Ijumaa, kisha unaambiwa “tutakupigia simu.” Jumatatu alikuwa anaanza kwenye shule ya nne, ile ya nyuma ya kituo cha mafuta. Na ndani, chini ya kitambaa, mjomba wake alikwisha kuweka cherehani ya pili. Walikuwa wamekubaliana: shule ya nne ikigoma, mpwa anakalia cherehani.

Waziri: Mimi nasema hivi, na anayetaka aandike. Walimu wamezidi. Vyuo vinatoa walimu kama birika linavyotoa mvuke.

Bi Birika: Birika langu linatoa kahawa.

Waziri: Ndiyo hoja yangu, bibi. Mvuke mwingi, kahawa kidogo.

Dalali: Wamezidi wapi, Waziri? Darasa la mwanangu watoto tisini, mwalimu mmoja. Akimaliza kuita majina, kengele imelia.

Waziri: Basi watoto wamezidi.

Dalali: Chagua moja. Wamezidi walimu au wamezidi watoto?

Waziri: Wamezidi wote. Kilichopungua ni katikati.

Tulikunywa kidogo ili katikati itushuke.

Wahenga: Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Sasa mwalimu anachumia kivulini, darasani, chini ya bati. Atalia wapi? Juani. Huyu hapa, analia.

Ticha: Mzee wangu, kulia pale maana yake kula.

Wahenga: Kwani wewe unakula?

Dalali alicheka mpaka kahawa ikamrukia shati. Ticha naye alicheka, lakini alicheka kama mtu anayelipia wengine.

Dalali: Ticha, mdogo wangu, usinune. Shida yako si elimu, shida yako hujatangazwa. Niachie mimi. “Mwalimu anapangishwa! Mpya, hajawahi kukaliwa! Hisabati na sayansi ndani kwa ndani, anajitegemea maji na umeme!”

Ticha: Wanataka uzoefu, kaka. Tangazo la juzi linasema: anatakiwa mwalimu kijana, aliyetoka chuoni karibuni, mwenye uzoefu wa miaka mitano.

Dalali: Hao wanatafuta bibi harusi mwenye wajukuu.

Waziri: Kuna siri nyingine hamuijui. Watoto wa siku hizi wanaelewa haraka mno. Mtoto akielewa mara moja, mwalimu wa pili wa nini? Tukitaka ajira, watoto wapunguze akili. Hiyo ndiyo sera.

Dalali: Wako umeshaanza kuwapunguza?

Waziri: Wangu wamechukua kwa mama yao, siwezi kuwaingilia.

Wahenga alivua miwani, ishara kwamba neno lake sasa lilikuwa zito.

Wahenga: Nyote mnazunguka mbuyu. Ajira hakuna kwa sababu walimu wa zamani hawafi.

Dalali: Hawafi?

Wahenga: Utakufaje na chaki? Chaki ni nini? Chokaa. Chokaa inahifadhi kitu, kama chumvi na samaki. Mwalimu anavuta chaki puani miaka thelathini. Ndani amekauka, haozi. Aliyenifundisha mimi a-e-i-o-u nilimwona juzi sokoni. Anatembea! Anachagua nyanya!

Waziri: Kwa hiyo dawa?

Wahenga: Zije mbao nyeupe za kalamu za wino. Chaki ikikoma, wataondoka mmoja mmoja kwa heshima zao, na huyu kijana atapata nafasi. Aliye juu mngoje chini.

Ticha: Mzee, unataka niwaombee walimu wangu wafe?

Wahenga: Sijasema uombe. Nimesema ungoje.

Bi Birika alimjazia Ticha kikombe bila kuulizwa. Yeye hufanya hivyo kwa watu wanaosafiri na watu waliofiwa.

Waziri: Tuache utani. Mpwa wangu, Jumatatu unaingia darasa gani?

Ticha: La tano, mjomba. Hisabati.

Waziri: Umejiandaa?

Ticha: Kabisa. Naingia na hesabu za sehemu. Ndilo somo langu bora. Chuoni, kwenye mazoezi ya kufundisha, lilinipa alama ya juu kabisa. Mwalimu wetu wa mbinu alitwambia: mwalimu asiye na zana ni kinyozi asiye na wembe. Akatuonyesha zana yenyewe, darasa zima tukaibeba.

Akafungua begi, akatoa andalio la somo lililopigwa mstari kwa rula, kisha akatoa kisu kidogo, kisha chungwa. Lilikuwa chungwa zuri, limefutwa kwa kitambaa, linang'aa kama kichwa cha mkaguzi.

Dalali: Hilo ndilo shahada?

Ticha: Hili ndilo somo. Haya, ninyi ni darasa la tano. Wanafunzi, hamjambo?

Tukasema hatujambo. Wahenga alisimama, kwa sababu enzi zake walikuwa wanasimama.

Ticha: Nina chungwa moja zima. Nikilikata vipande vinne vilivyo sawa, kila kipande ni sehemu gani ya chungwa?

Dalali: Jumla au rejareja?

Wahenga: Mwalimu, mimi nina swali. Vipande sawa vinatoka wapi? Mimi nimezaliwa wa sita kwetu. Sijawahi kuona kipande sawa.

Ticha: Kaa chini, mzee.

Wahenga: Nimekaa mwalimu.

Waziri: Utawapata watoto kwa hilo?

Uso wa kijana ukawaka. Ndiyo mara pekee siku ile tulipomwona mwalimu ndani ya lile shati.

Ticha: Mjomba, hujaniona darasani. Shule ya kwanza, nimelitoa chungwa tu, kisu sijakishika, darasa zima likapiga kelele: “Robo!” Robo, mjomba! Sijauliza! Shule ya pili vilevile. Shule ya tatu, mkuu wa shule amekaa nyuma, watoto wanamalizia sentensi zangu. Nikasema moyoni, hiki ni kipaji.

Dalali: Na wakakunyima kazi?

Ticha: Walisema watanipigia.

Wahenga: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe walikupa jembe siku ya kwanza, siku ya tano wakakunyang'anya. Maana yake hukuwa mgeni.

Ticha: Nilikuwa nani, basi?

Wahenga: Hapo wahenga hawakufika.

Tulikuwa bado tunacheka pale mwanamke mmoja aliposimama mbele ya baraza. Amevaa sare ya wafuaji wa hospitali, vidole vimenywea kwa sabuni, jasho la mwendo usoni. Alikuwa mtu aliyeomba ruhusa ya muda mfupi na anajua muda unakwisha.

Mama: Habari zenu jamani.

Ticha: Shikamoo mama.

Mama: Marahaba, mwanangu. Samahanini, naona hapa mnakaa watu wa mtaa. Natafuta mtu. Binti yangu anasoma hiyo shule ya nyuma ya kituo cha mafuta, darasa la tano. Nataka kumwona mwalimu wake wa hisabati. Nimefika getini, mlinzi ananiambia mwalimu amemaliza.

Waziri: Amemaliza nini?

Mama: Ndilo nililomuuliza. Kaniambia, “Amemaliza leo, mama, kama yule wa wiki iliyopita. Mwingine anaingia Jumatatu.”

Hakuna aliyegeuka kumtazama Ticha, na hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba wote tulikuwa tunamfikiria yeye.

Dalali: Kwani wanabadilishwa kila wiki?

Mama: Tangu shule zifunguliwe. Kila Jumatatu uso mpya, kila Ijumaa kwaheri. Na wote wanafundisha kitu kimoja. Wanakata chungwa.

Bi Birika aliteremsha birika chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Mama: Mnacheka? Binti yangu hali tena machungwa. Nikimpa chungwa, analitazama tu, analikata kwa macho. Namuuliza, leo mmesoma nini? “Mama, leo mwalimu mpya, chungwa lilelile.” Mmoja tu alikuja na embe. Likamshinda, lina kokwa.

Hakuna aliyekuwa anacheka. Dalali peke yake alitikisa kichwa, na siyo kwa huzuni.

Dalali: Huyo mwenye shule ni dalali kunishinda mimi. Mimi nikipangisha chumba kimoja kwa watu wawili nafukuzwa mtaani. Yeye ana mlango mmoja, kila wiki anaingia mpangaji mpya, na mpangaji ndiye anayedeki, anapaka rangi, anaondoka akisema asante.

Mama: Mtoto akaniuliza mwenyewe, baada ya robo kuna nini? Mimi darasa sikwenda mbali, sikujua la kumjibu. Nikasema nitamuuliza mwalimu wako. Maana ada nalipa nzima, silipi robo.

Ticha: Mama, hao watoto, mwalimu akitoa chungwa...

Mama: Wanapiga kelele robo kabla hajasema kitu. Binti yangu anasema wanafanya hivyo ili liishe upesi.

Kijana alitazama chungwa mkononi kama mtu aliyeonyeshwa picha yake na kuambiwa ni ya mtu mwingine.

Wahenga akafungua kinywa.

Bi Birika: Mzee, leo iache.

Wahenga akakifunga na methali ikiwa ndani.

Ticha hakukishika kisu. Aliingiza kidole gumba kwenye ganda, akalimenya chungwa kwa mkono, akalipasua, akagawa. Hakuhesabu. Dalali alipata kipande kikubwa, Wahenga alipata kidogo, akakitazama. Cha mama akampa kwa mikono miwili.

Waziri: Mpwa wangu, hiyo ni zana. Jumatatu utaingia na nini?

Ticha: Na desimali, mjomba. Ndiyo inayofuata.

Waziri: Desimali haina ganda. Mkuu wa shule akikaa nyuma ataona nini?

Ticha: Ataona watoto hawapigi kelele. Watakuwa wanafikiri, itachukua muda, wengine watakosea. Atasema sijui kufundisha.

Waziri: Basi hawatakuchukua!

Ticha: Kwani walikuwa wananichukua?

Waziri alitazama ndani, kule kwenye kitambaa kilichofunika cherehani ya pili. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue, hakuwa na sera.

Dalali: Mdogo wangu, mimi ningekuwa wewe nisingekwenda kabisa. Kufundisha bure! Wasusie. Waone.

Ticha: Nikisusa, Jumatatu anaingia mwenzangu. Tulimaliza chuo pamoja, namjua. Naye ana chungwa.

Tulitafuna. Lilikuwa tamu, na kila mtu aliona aibu kidogo kwa utamu ule.

Ticha akamgeukia mama. Aliinuka kutoka kwenye tundu, akakaza shati ndani ya suruali aliyoshonewa na mjomba wake.

Ticha: Mama, mwalimu anayeingia Jumatatu ni mimi. Sitakata kitu. Mwambie binti yako baada ya robo kuna nukta, na wiki ijayo tutaivuka. Jumatatu mpaka Ijumaa nitawafikisha ninapoweza.

Mama alimtazama kwa muda, kuanzia kiatu mpaka kola, kama afuaye shuka anavyotafuta doa. Hakuliona. Kipande chake cha chungwa alikuwa bado amekishika, hakula. Alikifunga katika kona ya kanga, pengine ampelekee mtoto, pengine asimpelekee.

Mama: Mungu akubariki, mwanangu. Nimefurahi kukuona. Wengine wote sikuwahi kuwaona.

Akapiga hatua mbili kuelekea hospitali. Kisha akageuka. Hakuuliza kwa hasira, wala kwa kejeli zetu za barazani. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia.

Mama: Na Jumatatu ya pili?

Waziri akamtazama Dalali. Dalali akamtazama Wahenga. Wahenga, mwenye funguo zote, akatazama viatu vya watu. Ticha alikuwa amesimama mbele ya benchi, mikono inanukia chungwa, mdomo umefunguka kidogo, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Tukanyoosha vikombe kwa Bi Birika, wote kwa pamoja, ili tuwe tunafanya kitu. Akaliinamisha birika, akaliinamisha zaidi, akaligeuza juu chini mbele yetu ili tuone.

Mama alikuwa bado anangoja.