Shangazi wa Jukwaa la Wanaoanza

Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi leo, Jumamosi tarehe 15 Juni 2024, maelezo haya ya maisha ya mpendwa wetu yameandikwa na mume wake, na yanasomwa na mdogo wa kiume wa marehemu, kwa kuwa aliyeyaandika ameomba asisimame mbele yenu.

Jumanne iliyopita, tarehe 11, saa kumi na moja jioni, marehemu alikuwa amekaa kitandani, mito miwili mgongoni, ubao wa kuchorea ramani wa mume wake umelazwa magotini kama meza, na juu ya ubao huo kompyuta yake na kikombe cha chai iliyokwisha kupoa, naye alikuwa akicheka peke yake. Alikuwa akisoma swali la fundi cherehani mmoja ambaye hajawahi kumwona kwa macho, mtu mwenye wiki tatu tu tangu aanze kujifunza Perl, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ili wateja wake wajaze vipimo vyao kwenye tovuti badala ya kumpigia simu huku mashine ikinguruma, na alipoona mume wake anamtazama alimsomea kwa sauti: "Shangazi, wateja saba wamejaza fomu, nikifungua faili namkuta mmoja tu, tena yule wa mwisho. Hawa sita nitawashonea kwa kukisia?"

Mume wake alimwambia, "Jibu si unalijua, mama? Mwandikie ufunge, upumzike."

Akajibiwa, "Ninalijua, lakini sijalijaribu."

Ndipo mume wake alipoinuka, akasema fundi atasubiri, kesho ipo, na marehemu hakubishana, aliandika mstari mmoja, "Mwanangu, kesho asubuhi utapata jibu lako," na mume wake akaifunga ile kompyuta kwa mikono yake mwenyewe na kuiweka kwenye kiti.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 2 Agosti 1968, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba fundi saa na mama mwalimu wa shule ya msingi, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha uchapaji, ambako watoto walilala na kuamka kwa mngurumo wa mashine. Baba yake alikuwa na kibanda cha futi sita kwa nne, na humo binti yake alijifunza, kabla ya kujua kusoma, kwamba saa ikifunguliwa kila parafujo hupangwa juu ya kitambaa kwa mfuatano ule ule iliotoka, na kwamba saa haiwi imepona mpaka iwekwe mezani na kusikilizwa siku nzima, hata kama mwenyewe amesimama mlangoni anapiga mguu chini kwa haraka zake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, sekondari kuanzia 1982 hadi 1987, kisha akajiunga na chuo kusomea ukutubi, akahitimu stashahada yake mwezi Novemba 1990 akiwa wa tatu katika darasa la wanafunzi thelathini na wanane, nafasi ambayo hakupenda itajwe, kwa maelezo kwamba aliyekuwa wa kwanza na aliyekuwa wa pili walimwazima madaftari yao.

Tarehe 4 Februari 1991 aliajiriwa katika maktaba ya chuo kikuu, ghorofa ya chini, chumba cha katalogi, chenye makabati kumi na sita ya kadi na dirisha moja linalotazama maegesho ya baiskeli, na hapo ndipo alipokutana na mpima ardhi kijana aliyekuja kuazima ramani, ambaye alitaka kuondoka nazo bila kujaza kadi kwa kuwa, kama alivyosema, msimamizi anamfahamu. Marehemu alimwambia, "Msimamizi anakufahamu, kadi haikufahamu," na mpima ardhi akajaza kadi, akarudi wiki iliyofuata kwa ramani ambayo hakuwa na kazi nayo, na akaendelea kurudi kwa miaka minne mpaka wenzake wa marehemu wakawa wakimwona tu mlangoni wanasema, "Haya, mwenye ramani zake amefika." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 1996, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 20 Septemba 1998, ambaye leo ni muuguzi, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 7 Mei 2002, ambaye ni fundi umeme.

Mwaka 1997 maktaba ilipata kompyuta nne na kitabu kinene cha Perl kilichokuwa kimepoteza jalada, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka, marehemu alikichukua, akajifunza peke yake wakati wa chakula cha mchana, na kufikia mwisho wa mwaka 1999 kadi zote za makabati kumi na sita zilikuwa zinatafutwa kwenye skrini kwa programu alizoandika yeye. Alijua, hata hivyo, alivyosota, na alijua kwamba watu wengi walianza wakaachia njiani kwa sababu hawakuwa na mtu wa kumuuliza kwa lugha wanayoiota, kwa hiyo tarehe 6 Machi 2000, kwa ruhusa ya mkutubi mkuu, alifungua katika seva ya maktaba jukwaa dogo la maswali, akaliita Jukwaa la Wanaoanza, na swali la kwanza kabisa liliuliza, "Kwa nini skrini imebaki nyeupe?"

Pale jukwaani kila mtu alimwita Shangazi, naye kila mtu alimwita mwanangu, jambo lililomkera askari mstaafu mmoja aliyeandika, "Shangazi, nina miaka sitini na saba, mimi mwanao kivipi?" na akajibiwa, "Kwenye Perl una siku tatu tangu uzaliwe, mwanangu, acha kulia utuonyeshe ulichoandika." Askari huyo alimaliza kutengeneza tovuti ya chama cha wastaafu wenzake, na tunaye hapa leo, mstari wa pili.

Mume wake ameomba jambo moja lisirukwe, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuwahi kuliruka. Mwezi Oktoba 2003, katibu muhtasi wa shule moja ya sekondari aliuliza namna ya kuondoa mafaili ya zamani kwenye kompyuta ya ofisi, na marehemu, akiwa na haraka ya kurudi kazini, alimwandikia programu ya mistari saba kutoka kichwani, bila kuijaribu, akasahau kutaja folda ambayo programu ingefanya kazi humo. Baada ya dakika ishirini ulikuja ujumbe, "Shangazi, nimefanya kama ulivyosema, sasa hakuna kitu," na kilichokuwa kimefutika ni alama za muhula mzima za wanafunzi mia nne na kumi na wawili. Marehemu aliomba likizo siku hiyo hiyo, akasafiri saa tisa kwa basi, akaingia katika ofisi ya mkuu wa shule ambaye alikuwa ameshaandaa barua ya kumfukuza katibu, akasema, "Kosa ni langu, Mwalimu Mkuu, huyu alinisikiliza tu," kisha akavuta kiti karibu na katibu, na wawili hao wakaziandika upya alama zote kutoka kwenye karatasi za walimu kwa siku sita, mmoja akisoma, mwingine akiandika, wakipokezana sauti ilipokauka.

Katibu hakufukuzwa, akawa mwanafunzi wa marehemu, kisha msaidizi wake jukwaani, kisha ndugu. Marehemu aliporudi nyumbani alibandika kadi ya maktaba juu ya meza yake, yenye maswali matatu ya kumuuliza kila anayekwama, umeandika nini, ulitarajia nini, umepata nini, na kuanzia hapo hakumpa mtu jibu ambalo hajaliona likifanya kazi kwenye kompyuta yake mwenyewe. Kila jibu lake lilimalizika kwa neno moja, "Nimeijaribu," na katika miaka ishirini na zaidi iliyofuata, katika majibu elfu kumi na moja na mia tatu, neno hilo hakuliandika hata mara moja likiwa si kweli. Wako waliomwona anachelewesha mambo, na mume wake alikuwa miongoni mwao, maana alizoea kumtania, "Hawa watoto wako wa kwenye waya wana njaa gani isiyoisha?" na alipoalikwa kujifunza naye alisema ataanza akistaafu, akastaafu, asianze.

Mwezi Novemba 2019 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi akipanda ngazi, na tarehe 2 Desemba mwaka huo madaktari walithibitisha kwamba misuli ya moyo wake ilikuwa imedhoofika. Aliendelea na kazi hadi tarehe 30 Juni 2021, alipostaafu kwa ushauri wa daktari, akalazwa mara nne, mara ya mwisho kwa siku kumi na saba mwezi Aprili mwaka huu, na kila alipotoka hospitali alianza kwa kuuliza nani amekwama. Jumanne tarehe 11 Juni, baada ya yale mliyokwisha kusikia, alikula kipande cha mkate, akamuuliza binti yake kwa simu kama ameshapata zamu ya mchana, na saa moja na dakika ishirini jioni, akiwa nyumbani, mkono wake ukiwa katika mkono wa mume wake, aliacha kupumua.

Familia inawashukuru daktari bingwa wa moyo na wauguzi wa wodi namba tano, waliomweleza ukweli kila alipouomba, majirani waliobeba viti na maji kabla hawajaombwa, wafanyakazi wa maktaba waliokuja na ngazi yao ya kufikia rafu za juu kwa sababu turubai lilikosa pa kufungwa, na wanafunzi wake wa jukwaani, wengine wao wamesafiri tangu juzi na leo ndiyo mara yao ya kwanza kumwona Shangazi uso kwa uso. Tusiowataja hatujawasahau.

Imebaki asubuhi iliyofuata.

Jumatano tarehe 12 Juni, saa kumi na mbili na nusu, nyumba ikiwa imejaa watu, mume wake aliingia chumbani, akakaa upande wa kitanda aliokaa marehemu, akaweka ubao magotini na kufungua kompyuta, akakuta ujumbe mpya uliotumwa saa kumi na mbili kamili, "Shangazi, umeamkaje? Nipo, nasubiri, wala usijali." Alimpigia simu katibu muhtasi, akamwambia anataka kumjibu fundi, na katibu, aliyekuwa ameshapata taarifa ya msiba, akasema, "Shemeji, niachie mimi, nitamjibu sasa hivi." Mume wake akasema hapana, jana ni yeye aliyeifunga kompyuta. Katibu akauliza, "Haya. Umeandika nini?"

Hakuwa ameandika kitu. Marehemu alikuwa ameshanakili programu ya fundi kwenye folda yake ya majaribio, na mume wake, akielekezwa hatua kwa hatua kama mtu anayevushwa barabara, aliifungua ile fomu na kujaza wateja watatu, akianza na vipimo vya mke wake, kifua, kiuno, mabega, urefu, alivyovisoma kwenye karatasi ya gauni la maziko ambalo binti yake alikuwa anakwenda kulitafuta asubuhi hiyo, kisha vya binti yake, kisha vya mwanawe. "Ulitarajia nini?" katibu akauliza. Akasema alitarajia watatu. "Umepata nini?" Alifungua faili, akamkuta mwanawe peke yake.

Tatizo lilikuwa katika mstari wa kumi na tisa, ambao ulilianza faili upya kila mteja alipojaza fomu, badala ya kumwandika chini ya waliomtangulia. Mume wake aliurekebisha kama alivyoelekezwa, akakosea, akarekebisha tena, na katibu akamwambia, "Sasa jibu tunalijua, shemeji, mwandikie tu." Akajibu, "Bado." Alijaza wateja wale watatu upya, kwa mpangilio ule ule, akafungua faili, akawakuta wote, mke wake mstari wa juu.

Alimwandikia fundi mstari wa kubadilisha na sababu yake, akamwambia kwamba wale sita waliofutika hawatarudi, itabidi awapigie simu, akamweleza kwamba Shangazi alifariki jana jioni na kwamba anayemjibu ni mume wake, na ana saa moja na nusu tu kwenye Perl. Mwisho akaandika, "Nimeijaribu," akatuma, akaiacha kompyuta wazi, akatoka nje kupokea watu.

Pumzika kwa amani, Shangazi. Fundi amejibiwa.