Shukrani kwa Niaba ya Mama

Mwaka 2003, katika teksi ya abiria wengi kutoka Johannesburg kwenda Midrand, mbele yangu aliketi mama wa Kikongo, fundi cherehani wa mtaa wa La Rochelle. Alikuwa akimwambia kijana wa Kitanzania, Obadia, waliyefahamiana naye humo humo garini, kwamba anakwenda kumtoa binti yake chuoni.

"Wanafunzi wanafagia na kuosha sahani. Miye sikumutuma kuwa boyi ya nyumba."

Obadia alicheka. "Nasoma hapo hapo, mama. Tunapokezana wote, hata mtoto wa waziri. Ila yeye anavunja sana sahani."

"Na mutoto wangu anasomea nini?"

"Mwaka wa kwanza tunasoma kila kitu."

"Kila kitu haiko kazi."

Mimi nilisoma shule ya usiku huku nikifagia ofisi za Marshalltown, katikati ya jiji, na nikafaulu vizuri. Lakini hakuna aliyeniuliza.

Obadia akaeleza kwamba chuo chao ni kidogo, na mtu akikosekana mezani wenzake hujua. "Niliposhikwa na homa, mwalimu wa historia aliniletea uji chumbani."

"Yeye mwenyewe?"

"Mwenyewe. Ulikuwa umeungua, lakini niliumaliza. Sitamsahau."

Mama alimgeukia pale robot, taa ya barabarani, ilipotuwakia kijani.

"Mama yako alimushukuru?"

"Yuko Morogoro, mama. Hajawahi kufika huku."

Teksi ikasimama nje ya chuo.

"Basi nipeleke kwa huyo mwalimu," mama alisema akishuka. "Nimushukuru kwa niaba ya mama yako. Mambo ya binti yangu tutaongea kisha."