Koroma na Koti Jeupe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Shule, waheshimiwa walimu, wazazi wetu wapenzi na ndugu wageni waalikwa, shikamooni. Wenzangu wa kidato cha sita, habari za leo. Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Mshereheshaji amenikaribisha hapa kama "Hasina Idarusi, daktari wetu mtarajiwa wa biokemia." Mmepiga makofi mengi, nami nimeyapokea. Lakini kuna jambo sijapata kumwambia mtu yeyote: sijui biokemia ni nini.

Ilikuwaje? Mwaka jana Mwalimu Praxeda, mwalimu wetu wa kemia, alituuliza mmoja mmoja tunataka kusomea nini chuo kikuu. Wenzangu wote mlijibu udaktari. Zamu yangu ilipofika, nikataja neno nililoliona kwenye jalada la kitabu maktaba. Mwalimu akapiga makofi. "Afadhali!" akasema. Tangu siku hiyo mkaniita Biokemia.

Nyumbani habari zilifika zimegeuka. Baba yangu, Mzee Idarusi, yule pale safu ya tatu, alisikia kemia akaelewa hospitali. Akaninunulia koti jeupe mitumbani, linalonifika vifundoni. Mjomba Uweso yeye alielewa mkemia wa serikali.

"Kumbe utakuwa unapima watoto ni wa nani?" akasema. "Basi mama, usianzie mtaa huu!"

Ningemuuliza nani? Mwalimu aliyefurahi vile? Baba aliyekwisha kuwatangazia watu msikitini? Nikamwendea dada Tuhfa, jirani yetu, anayesoma biokemia mwaka wa pili, alipokuja likizo. Nikajifanya namuulizia rafiki.

"Mwambie huyo rafiki yako," akasema huku anacheka, "tumeshinda siku nzima tunasaga ini la ng'ombe kwenye barafu, tunatafuta kitu kisichoonekana kwa macho. Hatukukipata. Nimerudi bwenini, wenzangu wananiuliza, sasa hilo ini liko wapi tulikaange?"

"Sasa mnasoma ili iweje?"

Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akasema, "Dafu lina maji matamu, nyama yake laini, mafuta halina. Liache mnazini, litakuwa nazi, na tui lake limejaa mafuta. Haya Hasina, mafuta hayo nani kayatia?"

Mimi niliyepata A ya kemia kwenye mtihani wa moko, sikujua.

"Wewe unajua?" nikamuuliza.

"Nusu. Ile nusu nyingine ndiyo iliyonifelisha."

Ndugu wageni waalikwa, wali wa nazi nimeula tangu nimeota meno. Inakuwaje sikuwahi kujiuliza swali hilo? Na je, swali moja la jikoni linatosha kumfanya mtu auache udaktari? Nimelifikiria hadi kichwa kikaniuma, na bado sina uhakika. Baina ya dafu na nazi kuna koroma, ambalo maji yake yamekwisha utamu, na ukilikuna halikupi tui la maana. Nadhani hapo ndipo nilipo mimi. Nashuku tupo wengi humu ndani ya majoho haya, japo tunatabasamu kwenye picha.

Mwalimu Praxeda, ulinipigia makofi kwa neno nisilolijua. Miaka miwili umekaa nasi maabara mpaka walinzi wakaja kufunga milango, na hukumcheka hata mmoja wetu kwa kuuliza. Makofi yale naomba usiyadai.

Jana baada ya alasiri nilimwambia baba kwamba nataka kuomba biokemia. Akauliza, "Hiyo biokemia ni kitu gani?" Nikamwambia nitamjibu leo. Baba, jibu langu ndilo hilo ulilolisikia. Sijui, na nataka niende nikajue.

Akauliza tena, kwa sauti ndogo, "Na koti?"

Dada Tuhfa aliniambia kwamba maabara nako huvaliwa koti jeupe. Basi leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, nimelipunguza mikono, nimelipandisha pindo, nikalikunja na kulitia begini.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza na kunivumilia.