Bharti Solanki na Mwendo wa Moyo Mdogo

Bharti Jayantilal Solanki alizaliwa Tanga tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa wauza vitambaa, marehemu Jayantilal na Kantaben. Mama yake alisema aliwahi kutembea kabla ya kukaa, na tangu hapo hakukaa.

Alisoma Tanga hadi 1971, familia ilipohamia London. Alisomea biolojia jioni, mchana akiuza dukani, akahitimu 1980.

Kuanzia 1981 hadi 2022 alifanya kazi kwenye hifadhi ya filamu za kale. Alitunza zile bubu za sayansi, zilizopigwa kupitia hadubini. Kamera za enzi hizo zilizungushwa kwa mkono, hivyo mwendo halisi haukujulikana. Mwendo wa filamu ya watu unaukisia kwa hatua zao. Ya vijidudu je? Bharti alichota maji ya bwawa, akahesabu mapigo ya moyo ya wadudu hai, akalinganisha na filamu.

Aliolewa na Manish mwaka 1984, wakaishi mtaa wa Queensbury, London. Chupa zake za maji ya bwawa zilijaa kwenye friji. Sikukuu moja ya Diwali Manish aliwanyunyizia wageni maji ya bwawa akidhani ni ya Ganga, mto mtakatifu wa Wahindu. "Wewe bwana, umemwaga kazi yangu ya wiki nzima!" Bharti alifoka. Binti yao, Poonam, aliapa hatazigusa chupa hizo.

Septemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Wodini hakutulia. Filamu moja ya moyo wa mdudu wa bwawani ilibaki bila kupimwa, nayo ingenakiliwa Februari kwa mwendo wa kubahatisha. Miguu yake ilicheza kutwa chini ya shuka. "Watakosea, Sunil. Niletee viatu." Sunil, mdogo wake anayesoma wasifu huu, alivificha, na bado anajuta.

Tarehe 8 Februari Poonam aliingia na matope magotini. Yeye ambaye tangu utotoni hujibu kwa Kiingereza, alisema kwa lugha ya nyumbani, "Mummy, nimehesabu mapigo mara tatu. Picha kumi na sita kwa sekunde."

"Maji yalikuwa baridi?"

"Niliyaacha kwanza yapate joto la chumba, mapigo yasipungue. Kama wewe."

Waliitazama pamoja kwenye tableti. Miguu ya Bharti ikatulia.

Alifariki asubuhi iliyofuata, tarehe 9 Februari 2025. Kabla ya kumdondoshea maji ya Ganga mdomoni, kama ilivyo desturi, Manish aliinusa chupa kwanza.

Ameacha mume, binti, mdogo wake mmoja, na chupa tatu ambazo Poonam amekataza zisimwagwe. Leo Sunil amemvalisha vile viatu alivyomficha. Atulie kwa amani, akitaka.